Ulisema Umemeza

Mdogo wangu Elibariki,

Nimekukasirikia tangu tulipokuzika, na sikuandikii ili kukuambia kwamba hasira imeisha. Watu hapa Mhezi wanasema ni dawa za virusi zilizokuua. Walianza kusema hapo hapo msibani, makande yakiwa bado jikoni, nami nikanyamaza. Ni mimi peke yangu niliyejua kuwa hukuzimeza. Ndivyo nilivyodhani.

Nilizikuta siku ile ile ya mazishi, kwenye koti lako, lile ulilorudi nalo kutoka kwenye mkonge. Nilitaka kulifua kabla halijagawiwa kwa ndugu. Nikashika upindo, nikahisi vitu vigumu ndani kama maharage. Nilipofumua uzi, vidonge vikanimwagikia mapajani. Ulikuwa umeshona bitana vizuri kabisa, wewe ambaye hata kifungo ulikuwa unaniletea mimi. Hapo ndipo nilipolia, na nililia kwa hasira.

Unakumbuka tulivyoanza. Shamba la mkonge liliuzwa kwa mwekezaji, mkapunguzwa, ukapanda huku mlimani na sanduku la bati na kikohozi. Kule kliniki ya Same walisema hawakuanzishii dawa mpaka uje na ndugu wa kukusimamia. Ukanichagua mimi. Nikajiona mtu mkubwa. Muuguzi alipoeleza kwamba dozi hairukwi, niliitikia kwa sauti kuliko wewe mwenyewe.

Basi nikakusimamia. Asubuhi ulikuja jikoni ukasema, "Shikamoo dada," nami badala ya marahaba nikakujibu, "Umemeza?"

"Nimemeza."

Jioni hivyo hivyo. Sijui niliacha lini kuitikia salamu yako. Ninachojua ni kwamba siku moja uliingia ukasema "Nimemeza" kabla sijafungua mdomo, na tangu siku hiyo shikamoo yako sikuisikia tena. Nikasema moyoni, huyu ameanza kukosa adabu.

Halafu ukaja ule msaragambo wa ndiva. Kijiji kizima kilitoka na majembe kuondoa tope kwenye bwawa letu la kumwagilia, wewe ukabaki kitandani umegeukia ukutani. Nilirudi na tope mpaka magotini, nimekuja kukusema. Ukaniambia, "Dada, nimechoka kuwepo."

Sikukaa hata chini. "Nani hajachoka? Kahawa haina bei, chama cha ushirika kimefungwa, na bado tunaamka. Jikaze."

Ukajikaza kweli. Kesho yake uliamka ukapalilia tangawizi, nami nikajipongeza kwamba nimekutibu kwa maneno mawili matatu.

Lakini kinachonichoma zaidi ni siku ile kliniki. Muuguzi alihesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo, hesabu ikatimia, akafurahi. Kisha akaacha kuandika, akakutazama wewe. "Unapata usingizi, kaka? Una mawazo?" Nikajibu mimi. "Hana mawazo, dada, analala vizuri." Alikuuliza wewe, nikajibu mimi. Niliogopa waandike kuwa ndugu yangu amechanganyikiwa. Virusi tulikuwa tumeshazoea kuvitaja, japo kwa kunong'ona, lakini mawazo ya namna yako kwetu ni jambo la kuombewa, halipelekwi kwa mgeni. Uliinamisha kichwa ukaanza kufunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa tayari. Sijajisamehe kwa siku ile.

Na wewe je? Ungenifokea. Ungelitupa lile kopo miguuni pangu nikaona. Badala yake ulikaa chini na sindano ukanishonea uongo, huku mimi nikikufulia mashuka na kukubeba mgongoni mpaka barabarani wakati mvua imezuia magari kupanda. Najua marehemu hasemwi hivi. Mimi nakusema.

Ningenyamaza mpaka leo kama si mama Eliza, jirani yetu mjane, mliyekuwa mnashuka naye kliniki siku nisizoweza. Ameacha dawa. Amekonda, hata ndoo ya maji sasa anabebewa na Eliza, na Eliza mwenyewe bado yuko darasa la pili. Watu wanasema ameogopa kufa kama wewe. Kila nilipompita njiani nilijua kwamba ukimya wangu unamuua.

Juzi nikapiga moyo konde, nikamfuata shambani. Nikamweleza yote, bitana na vidonge, nikiona haya kama vile nakuvua nguo mbele za watu. Nikamwambia, "Mama Eliza, dawa hazikumuua. Hakuzimeza."

Hakuacha hata kung'oa majani. "Najua," akasema. "Uzi nilimpa mimi."

Nilimuuliza kwa nini hukuniambia mimi, dada yako wa tumbo moja. Akasema mlikuwa mkiongea njia nzima mpaka Same, kwamba nyote wawili mlichoka kwa namna moja, na kwamba ulikuwa unaniogopa. Si kunichukia. Kuniogopa. Nilimtazama yule mwanamke, nikatamani kumpiga, nikatamani pia kumwomba anisimulie kila ulichosema ndani ya lile gari.

Nilikaa kwenye tuta. Nilikuwa na maneno mengi ya kumshauri, nikayazuia, na kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko kukubeba. Nikang'oa majani yaliyokuwa karibu nami, naye akaanza kuongea mwenyewe, kuhusu mumewe, kuhusu asubuhi ambazo hawezi kunyanyua mguu. Jua likatuchoma. Mwishoni akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Jumatano nitashuka Same," akasema. "Ukitaka kunisindikiza, njoo. Ila tukifika kwa muuguzi, wewe ukae nje."

Nitakaa nje, Elibariki.

Ni mimi,
dada yako uliyemchagua.