Sanduku la Mlango wa Nyuma

Eddo Sahra, shangazi yangu,

Nakutakia amani huko uliko, amani ileile uliyokuwa ukitutakia kila asubuhi ukifungua jimu. Sisi huku tuko salama. Ayeeyo, mama yako, anakula vizuri, mbuzi wa jirani bado wanaingia uani kama kwao, na joto la Garissa ni lile lile, usidhani limetuonea huruma kwa sababu tumefiwa.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua nyumbani mimi na wewe tuliongea Kisomali, hata siku za kununiana. Lakini nataka kukusimulia mambo ya jimu, na ndani ya jimu ulipiga marufuku lugha nyingine yoyote. Ulisema siku moshi ukiingia hutaki Fardosa apige kelele kwa Kisomali huku Mwende amesimama anauliza kuna nini. Basi nimeshika sheria yako, ingawa hupo wa kunifinya sikio.

Hao Fardosa na Mwende, pamoja na wanafunzi wenzao, bado wapo. Nilifikiri baada ya mazishi watatawanyika, Fardosa arudi kwao Bura, na Mwende, binti wa fundi cherehani, aende Nairobi kama alivyokuwa akitishia. Hakuna aliyeondoka. Uliwaacha katikati ya masomo, palepale kwenye somo la usalama na utunzaji wa ukumbi, lile waliloliona la kuchosha kuliko yote. Wao walikuja kujifunza kuinua vyuma na kuwafundisha wanawake wenzao kupunguza tumbo, wewe ukawapa fagio. Wiki zote za mwanzo zilikuwa fagio, spana na kitambaa cha kupangusia maji sakafuni. Mwende aliniuliza pembeni, "Eddo wako anafundisha walimu wa mazoezi ama anatafuta mtu wa kumfulia?" Sikukwambia wakati ule. Ungemwongezea fagio la pili.

Somo hilo sasa ni langu. Asubuhi ya kwanza nilisimama pale ulipozoea kusimama, karibu na feni kubwa, na sauti ikakataa kutoka. Nikafanya ulichokuwa ukifanya wewe kabla ya kusema neno lolote: nikaanza kutembea. Nikashika kila nati ya kila mashine. Nikavuta kila waya wa kunyanyulia vyuma kuona kama umeanza kukatika nyuzi. Nikapitisha kiganja chini ya mashine ya kukimbilia, kutafuta joto lisilo la kawaida. Wasichana wakanifuata, na tulipomaliza mzunguko sauti ilikuwa imerudi. Nilikukumbuka sana asubuhi ile, eddo. Nilikukumbuka mpaka nikasingizia kiatu, nikainama kufunga kamba ambayo haikuwa imefunguka.

Wanawake wa jioni wanakuja kama zamani. Mkeka wako wa karibu na feni upo palepale. Ulijua kwamba ukimuuliza mwanamke wa hapa mbele ya wenzake kama amefunga, au ana mimba, au hajisikii vizuri, atakuambia yuko sawa huku anatabasamu, halafu akuangukie baadaye. Kwa hiyo hukuuliza. Uliweka mkeka tu, na anayeketi pale hupewa mazoezi mepesi na maji yakiwa jirani, bila swali na bila jicho. Mwezi wa Ramadhani mkeka ulijaa mpaka tukaongeza mwingine. Fardosa sasa anautazama kabla hajamtazama mtu usoni. Ungefurahi.

Lakini sikukaa chini kukuandikia habari za mkeka.

Chuo kinachotoa vyeti kilituarifu kwamba kitamtuma mkaguzi. Wasichana wakifaulu, watapata vyeti vyao na sisi tutaruhusiwa kuendelea kufundisha wengine. Wakishindwa, masomo yanafungwa. Jimu yako itabaki ukumbi wa kutoa jasho, na wasichana wa Bura na Liboi wanaotaka kazi hii wataambiwa waende Nairobi, na wewe unajua ni baba wangapi watakubali. Mkaguzi alisema kitu atakachokitazama zaidi ni zoezi la kutoka kwa dharura.

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Kila nilipokuja hospitali, wakati figo zimeshakataa na maneno yako yamekuwa machache, uliniuliza kabla hata ya salamu, "Mlango wa nyuma?" Nami nilijibu, "Uko wazi, eddo." Unafumba macho, unalala. Na ulikuwa wazi kweli. Hata baada ya kukuzika niliendelea kuangalia. Kila jioni niliondoa buibui ambazo wanawake walizitundika kwenye kitasa chake, maana kwao kila kinachochomoza ukutani ni msumari wa nguo. Nilifagia kizingiti. Nilitia mafuta bawaba.

Na sanduku lilikuwa mahali pake.

Unakumbuka lilivyoanza? Zoezi la kwanza kabisa, ulipuliza filimbi, mlango wa nyuma uko wazi kabisa, na wanawake wote wakageuka wakakimbilia mbele, kwenye nguo zao. Walisukumana, wakakanyagana, mmoja akawa anauliza nani amechukua jilbab yake. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha uso wako ukabadilika, nami nikaogopa. Ulisema, "Vitabu vinasema waache kila kitu watoke. Nani ameandika hivyo vitabu? Mwanamke wa hapa hatoki kichwa wazi mbele ya wanaume, hata moto umshike kisigino. Atarudi kutafuta buibui yake, na atafia hapo." Kesho yake ulileta sanduku la bati kama la mwanafunzi wa bweni, ukalipaka rangi nyekundu, ukaliweka kando ya mlango wa nyuma bila kufuli. Ukalijaza garbasaar, zile shuka kubwa za kujitanda kuanzia kichwani. Mtu anapita, anavuta moja, anatoka.

Basi jioni moja kabla ya ukaguzi nikapuliza filimbi. Ilikuwa safi, eddo, mpaka nikaanza kujisifu moyoni. Mwende akazima mashine. Wanawake wakaja kwa mpangilio, hakuna aliyekimbilia mbele. Fardosa akafungua mlango, akafunua kifuniko cha sanduku, akabaki ameinama hivyo hivyo.

Lilikuwa tupu. Hata kipande cha uzi hakikuwamo.

Mlango uko wazi, jua la jioni limeingia mpaka kwenye vidole vyetu, na ng'ambo ya uchochoro wanaume wanakunywa shaah, chai yao, kama kila siku. Hakuna aliyevuka kizingiti. Mama Khadra, yule mpana wa mtaa wa Waberi uliyemtibu goti kwa mazoezi ya kiti, alisimama mbele ya wote akasema, "Wallahi mimi sitoki hifi. Kichwa wazi? Niende wabi?" Waliokuwa nyuma wakaanza kurudi mbele kutafuta nguo zao. Nikawatazama migongo yao. Nikaona moshi ambao haukuwepo.

Sikumgombeza mtu. Niliwaruhusu, nikafunga, nikaenda moja kwa moja kwa ayeeyo, kwa sababu tayari nilikuwa nimeanza kukisia.

Alikuwa amekaa sebuleni na tasbihi yake. Nikamuuliza taratibu kama kuna nguo zako zilizoletwa kutoka jimu. Uso wake ukafunguka. Akasema, "Za Sahra? Zote nilitoa sadaka. Nilimtuma msichana wa kazi akaniletee kila kilichokuwa chake kule. Nilizifua kwa mkono wangu, nikazigawa kwa wanawake waliotoka huko kwenye ukame. Kila moja nilipoitoa nilisema, ewe Mola, ifikishe kwake."

Ungesema nini wewe? Alizifua kwa mkono wake, na vidole vyake vile visivyokunjuka. Nikambusu kichwani, nikamwambia Mungu azipokee. Nadhani zimekufikia. Kama zimekufikia, sasa unajua kwa nini ni nyingi namna ile na za rangi ambazo hukuwahi kuvaa.

Wasichana nilipowaeleza hawakulalamika. Kila mmoja akaleta moja kutoka kwao. Fardosa alileta ya mama yake bila ruhusa, najua, maana alikuwa akiitazama kama mtu aliyeiba. Mwende, ambaye hata hajitandi, alileta leso mbili alizounganisha baba yake kwa cherehani. Wanawake wa jioni nao wakaleta. Sanduku likaanza kujaa, nikafurahi, mpaka Mama Khadra alipoanza kujipimia. Moja ikaishia mabegani. Nyingine ikamfunika mbele, nyuma ikagoma. Wengine walicheka, na yeye pia alicheka, lakini alipoketi alisema kwa sauti ya chini kwamba sisi tutoke tu, yeye tutamkuta humo ndani.

Nilienda sokoni. Nilipita duka kwa duka nikiuliza iliyo kubwa na nzito. Wote walinijibu jambo moja, kwamba zile kubwa zinakuja na mzigo wa Liboi, na mzigo wa Liboi haujafika. Zilizokuwepo ni nyepesi, ukiziinua juani unamwona muuzaji upande wa pili. Na mkaguzi alikuwa njiani.

Garbasaar kubwa nilikuwa nayo, eddo. Yako. Ile ya kahawia yenye maua ya njano, ambayo ayeeyo alinitengea mimi siku alipogawa nguo zako za nyumbani. Sikuifua. Nililala nayo. Ilikuwa na unsi wako, ule ubani wa kufukizia nguo, na ile dawa yako ya kuchua misuli, na kila nilipozika pua ndani yake nilikuwa nakupata mzima, na makelele yako. Harufu ilikuwa imeanza kufifia, na mimi nilianza kuinusa mara chache ili isiishe. Wewe hukuzaa, ukanilea mimi, na mimi nilichobakiwa nacho ni harufu ile. Usiku huo nilikukasirikia, nakuambia kweli. Nikasema huyu mwanamke hata akifa haachi kunipa kazi.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika. Niliikunja, nikaiweka juu ya nyingine zote, nikafunika.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani, kutoka Thika. Mashine alizikagua mchana, ukumbi ukiwa mtupu, naye akashika nati moja moja kama wewe. Jioni, kwa kuwa ni saa za wanawake, alisimama nje kwenye uchochoro na saa yake mkononi. Wanaume wa shaah wakamwazima kiti. Nikapuliza filimbi.

Wakatoka, eddo. Fardosa akifunua, Mwende akigawa, mkono unapokea huku mguu unaendelea kutembea. Yule mzee muuza shaah alipoona mlango unafunguka aliwaambia wenzake, "Geukeni huko," na wote wakageuza viti, mkaguzi akageuka nao, akakumbuka kazi yake akarudi. Mimi nilitoka wa mwisho, kama ulivyonifundisha, nikiangalia nyuma kama kuna aliyebaki. Hakuna aliyebaki.

Nilipovuka kizingiti nikakuona. Umesimama ukutani umenipa mgongo, maua ya njano, mabega yako, unahema kwa nguvu kama baada ya ngazi. Nikataka kuita. Kisha Mama Khadra akageuka, jasho linamtiririka, akaniambia, "Hamdi, nimetoka!" Akacheka kama mtoto. Nikamkumbatia, nikalia hapohapo mbele ya mkaguzi, na nadhani alifikiri ni sehemu ya mafunzo.

Mkaguzi aliuliza, "Sheria inasema mtu asibebe chochote. Hizi nguo?" Nikamwambia hakuna aliyerudi nyuma kuchukua nguo. Nguo ziko njiani. Akafikiri, akaomba aonyeshwe sanduku, nasi tukaingia naye baada ya wanawake kuondoka. Akauliza nani alibuni. Nikasema ni Sahra, mwalimu wetu. Alitaka kukupa mkono, akatazama huku na huku kukutafuta, ikabidi nimweleze.

Vyeti vitakuja. Wasichana wamefaulu. Darasa jingine linaanza baada ya mvua, na tayari kuna binti wa Liboi ambaye mama yake amenipigia kuuliza kama kweli mlangoni kwetu mtu hutoka amejisitiri.

Mama Khadra alinirudishia garbasaar imekunjwa vizuri. Nilipokuwa peke yangu niliinusa. Inanuka jasho la Mama Khadra, na vumbi, na bati la sanduku. Wewe haumo tena. Niliishika kwa muda, nikaitia sandukuni, juu ya nyingine, nikaenda nyumbani mikono mitupu.

Nikuache upumzike. Nakuahidi kwamba kila nitakayemfundisha ataanzia kwenye fagio, na kila jioni kabla ya kufunga nitainua kile kifuniko kwa mkono wangu mwenyewe. Lala, eddo. Mlango wa nyuma uko wazi, na sanduku limejaa.

Wako,
Hamdi