Ndengu za Syombua

Jumatatu, 24 Novemba
Palizi tena. Mgongo unauma. Ndengu zangu zimenifika magotini, majani mapana, kijani kizito. Za Syombua, mke wa shemeji yangu, ziko ng'ambo ya ua. Fupi, kama zimekatazwa kukua. Nimefurahi. Naandika ukweli: nimefurahi.

Alhamisi, 4 Desemba
Mvua imekatika. Siku ya kumi bila tone. Zangu bado ni majani tu. Zake zimetoa maua, nyingine zina maganda tayari. Nilisimama kwa ua nikiziangalia mpaka uji ukaungua.

Jumapili, 14 Desemba
Zangu zimenyauka. Maua machache, yakaanguka. Kanisani pasta amemsimamisha Syombua, eti ana mkono uliobarikiwa. Nikasema amina na wengine. Tulipotoka nikawaambia akina mama wa kikundi kwamba kuna afisa wa kilimo anayemletea mbegu kwa siri. Nilitunga papo hapo. Wakaniamini haraka kuliko nilivyotaka.

Jumatano, 17 Desemba
Maneno yamemfikia Syombua. Amekuja, hakuketi.
"Mama Mutheu, hizo mbegu ni za mama mkwe wetu. Alitugawia sawa, wewe na mimi."
Kweli. Zangu nilizipika. Zilikuwa ndogo, nikaona aibu kuzipanda. Tangu hapo hununua mbegu nono sokoni Kyuso kila msimu.
Nikamuuliza zake alizifanyia nini.
"Sikufanya kitu. Jua likiwaka, nyingi hukauka. Zile zinazowahi kuzaa kabla ya jua ndizo zinazonipa mbegu za kupanda. Kila msimu hivyo."
Akaenda bila kuaga.

Ijumaa, 19 Desemba
Sijaacha kuyafikiria maneno yake. Hakuna ndengu iliyojifunza kuwahi. Katika zile za mama mkwe zilikuwemo za kuwahi na za kuchelewa, kama watoto wa tumbo moja wasivyofanana. Mvua ikakatika. Za kuchelewa zikafa bila kuacha mbegu. Za kuwahi zikaacha, na watoto wao wakawahi kama wao. Msimu baada ya msimu. Shamba lote likageuka na hakuna mtu aliyeligeuza.
Mimi kila mwaka naleta wageni wasiolijua jua hili. Kule Tawa zinakotoka hizo za sokoni, mwaka wa mvua nzuri, pengine zangu zingezipita zake mbali. Hapa si Tawa.
Bado nina wivu. Kilichoisha ni mtu wa kulaumu.

Jumapili, 21 Desemba
Nimewaambia akina mama kwamba nilidanganya. Mmoja alicheka. Syombua alikuwa pale. Alifungua Biblia yake akasoma, ama akajifanya anasoma.

Jumanne, 6 Januari
Nimeng'oa mabua makavu niwape mbuzi. Katika shamba lote, mashina saba yana maganda. Membamba. Nimeyapukuchua kwa mkono, mbegu hazikujaa kiganja. Nimezichanganya na majivu zisiliwe na wadudu hadi msimu wa kupanda, nikazitia kwa chupa, nikafunga.
Syombua alikuwa anapepeta zake. Hakuniita, nami sikumwita. Upepo ulileta makapi upande wangu. Nikafagia.