Njia ya Ndizi Nyuma ya Nyumba ya Mama

Jumamosi, Novemba 1984. Flemingsberg, Uswidi.

Saa tisa tu alasiri na taa za barabarani zimeshawashwa. Theluji inadondoka majimaji, wala haikai. Sina amani leo, na afadhali niandike kuliko kumfokea Baba Neema tena.

Asubuhi nilikwenda Spånga, nyumbani kwa Birgitta tunayefanya naye kazi wodini. Yeye na wenzake wanajiandaa kutembelea Kenya, basi wakaniomba niwaonyeshe picha za kwetu Taveta, mpakani. Nikatamba weee! Niliwapa Ziwa Chala linalobadilika rangi, na ng'ombe wa mji uliozama ambao wazee husema huwasikia wakilia humo chini. Niliwapa mahandaki ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, mashamba ya mkonge, na reli. Mdomo haukunikauka.

Halafu ikaja picha ya nyuma ya nyumba ya mama. Wanawake wa upande wa Tanzania wamejipanga katikati ya migomba, mikungu ya ndizi kichwani, wanakwenda soko la Jumamosi. Hupumzika hapo kando ya mfereji, mama akawapa maji na umbea. Hata miaka ile mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa walipita, na askari akiuliza, mama alisema hao ni wakwe zake. Wakwe gani! Ana mtoto mmoja wa kiume, na hajaoa mpaka leo.

Birgitta akauliza kama na wao wageni wataruhusiwa kupita pale. Hapa Uswidi msitu wa mtu unapitiwa na yeyote mradi asiharibu, wamezoea hivyo. Nikajibu, "Kwa mama kila mtu anapita." Nikasikia uso unapata moto.

Kwa sababu mdogo wangu Lenjo amempata tajiri wa Mombasa anayetaka kujenga nyumba za watalii palepale kando ya mfereji, na tajiri anataka shamba lote lizungushiwe seng'enge. Shamba hilo marehemu baba alituachia sote wawili. Mimi nisipokubali, hakijengwi kitu. Nikikubali, mimi ndiye nitakayewapokea wageni kutoka huku. Nitakuwa na kazi na nitakuwa kwetu.

Na ninataka. Mungu ananiona, ninataka sana.

Nimechoka kutoka gizani kwenda kazini na kurudi gizani. Neema namsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, na bibi yake anamjua kwa picha tu. Baba yake, Mganda wa watu asiyeijua hata Voi, kila siku wimbo ni mmoja: "Kubali, Mama Neema. Njia ni njia, watatafuta nyingine."

Watatafuta wapi? Upande huu kinamasi, upande ule shamba la mkonge lenye walinzi. Na mzigo ule kichwani wauzungushe mpaka barabara kuu? Watafika soko limekwisha. Hao wanawake ndio soko lenyewe, na soko ndilo linaloilisha Taveta. Ziwa ni zuri, lakini halijawahi kumsomesha mtu. Mimi nimesomeshwa na ndizi.

Basi niliporudi nikapiga simu dukani Taveta, ambako Lenjo alikuwa ananisubiri kama tulivyopatana. Nikamwambia sikubali. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hakutukana. Alisema tu, "Dada, ongea na mama. Yuko hapa, ametoka sokoni."

Nikajua nampa mama habari njema. Tangu maneno haya yaanze hakuwahi kusema ndiyo wala hapana, nami nikadhani ananyamaza ili asituchonganishe. Nikamwambia, "Mama, njia haifungwi. Wenzako watapita kama kawaida."

 

"Nilishawaaga, mwanangu," akasema. "Asubuhi hii walipotua mizigo niliwaambia watafute pengine. Hawakununa. Niliwaambia binti yangu anarudi."

Nikamwambia nimeshamkatalia Lenjo.

"Kwa hiyo huji?" akauliza.

Nikasema nitakuja kumsalimia, nimlete na Neema.

"Haya," mama akasema. "Kusalimia nako ni kuzuri." Akamrudishia Lenjo simu, na Lenjo akaikata.

Baba Neema hasemi nami. Nimelia, nimenawa uso, nimepika. Neno langu sijalibadili, na sitalibadili. Nimemnyima mama mtoto wake ili wapite watu ambao wengine hata majina yao siyajui, na nikiulizwa tena kesho nitasema hivyohivyo, huku nikiumia.

Jumamosi ijayo watapita kujaribu, kwa kuwa hawana pengine. Watakuta hakuna seng'enge, na watafurahi, na itabidi mama awaeleze kwa nini.