Mahindi Yangu katika Shamba la Akina Mama

Jumatatu, 16 Mei 1955
Mvua tena. Darasani nusu ya watoto. Baada ya masomo nimepalilia mistari yangu miwili ya mahindi. Imepita magoti. Shamba lenyewe ni kipande kati ya nyumba za mwisho na handaki la kijiji, lililochimbwa kututenga na wapiganaji wa msituni. Akina mama hulilima kwa ngwatio, wote pamoja, wakitoka kazi ya lazima na kabla ya saa ya kufungiwa ndani ya kijiji. Maboga, mboga za managu, maharagwe mafupi. Yao yote yako chini chini. Mahindi ni yangu peke yangu. Kwetu Maragoli shamba bila mahindi ni kichaka.

Alhamisi, 19 Mei
Nimemkuta Mama Wanjiru, jirani yangu, akimlisha binti yake maharagwe yaliyopondwa pamoja na majani ya maboga. Miguu ya mtoto imevimba. Nywele zimegeuka nyekundu. Hajasimama tangu Machi. Wenzake humchumia yeye kwanza, na wao wana watoto. Sijaona watu waliochoka hivi wakigawana hivi.

Jumapili, 22 Mei
Nimeaibika. Mkuu wa homugadi, askari wa serikali wanaolinda kijiji, amepita shambani baada ya ibada. Amesema mmea mrefu karibu na handaki umekatazwa, unaweza kumficha mtu wa msituni. Kesho jioni akikuta shina moja la mahindi limesimama, ataling'oa shamba zima. Kumbe akina mama waliijua amri hiyo tangu kupanda. Waliona haya kumkosoa mwalimu. Heshima yao na ujinga wangu, na atakayelala njaa ni Wanjiru. Naogopa.

Jumatatu, 23 Mei
Nimefika na panga mbio mbio. Wao walishaanza, na matope ya handaki bado miguuni. Kukata mahindi ni rahisi. Shida ni kwamba maboga yalikuwa yameyaparamia, na ukivuta unakata chakula cha jikoni mwa watu. Wakafungua vikono vya maboga kimoja kimoja. Mikono iliyopasuka kwa sururu, na hawakuvunja jani. Mimi nimevunja mengi. Mama Wanjiru hakunikemea.

"Mwalimu, hii mahindi yako iko na kiburi," akasema. "Ati inataka kuchungulia nje, na sisi wote tumefungiwa."

Wamecheka wote. Mkuu amekuja, akapigapiga majani kwa fimbo, akaenda zake. Nawastahi wanawake hawa kuliko ninavyojua kusema.

Jumatano, 25 Mei
Nimepanda maharagwe mafupi palipokuwa na mahindi. Nimeuliza kwanza.

Jumanne, 14 Juni
Baridi, ukungu mpaka saa nne. Wanjiru ametoka mlangoni mwenyewe, akishika ukuta, kisha bila ukuta. Amefika shambani. Kuna nathi zilizojiotea pembeni, yale matunda madogo ya manjano yenye ganda kama karatasi. Akina mama hawayapalilii, wanawaachia watoto. Ameketi akamenya moja moja, akala zote. Nilikuwa nimesimama karibu. Hakunibakishia hata moja.