Lori Lisilonguruma

Jumatatu, 4 Mei 2009

Lori jipya limefika! La haibridi – dizeli na betri. Mji mzima wa Harlow Falls ulishaambiwa. Sisi wawili tutakaolitumia tumeambiwa leo asubuhi. Kaz, mwenzangu wa kazi, kalizunguka kama anakagua ng'ombe wa mnada. Mimi ndiye ninayepanda kwenye kapu la lori kushika nyaya za umeme, yeye hubaki chini kunilinda. Ndivyo tulivyo tangu nianze kazi.

"Lorna, hiki kitu cha kuchezea watoto," kasema. "Betri ikikuishia huko juu, nitakurushia blanketi."

Meneja Prindle anasema Wisconsin nzima itatuonea wivu. Litaokoa mafuta, na pia dunia. Kwa mpangilio huo.

Jumatano, 6 Mei

Kazi ya kwanza. Injini ikazimika yenyewe, mkono wa kapu ukapanda kwa betri. Kimya! Miaka yote hii dizeli ilitunyima masikio. Leo nimemsikia mama mwenye nyumba akimwambia mtu kwenye simu kwamba siku hizi watu wa umeme wanaajiri hata mabibi. Nikamsalimia kutoka juu. Nusura aangushe simu. Kaz alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 8 Mei

Kaz ameliosha lori. Bila kutumwa! Kichwa hakimuumi tena jioni, anasema, na mkewe anashangaa haongei kwa kupayuka. Nikamkumbusha habari ya kitu cha kuchezea watoto. Kajifanya kiziwi.

Jumanne, 12 Mei

Naandika nikiwa ndani ya kapu, juu ya paa la maktaba. Prindle yuko nami, kang'ang'ania ukingo kwa mikono miwili. Ameniuliza naandika nini. Ripoti, nimemjibu.

Tulipanda kupigwa picha. Mwandishi wa gazeti akachelewa. Basi Prindle, kupitisha muda, akanipa siri: lori limerahisisha mambo, bodi imekubali, hakuna haja tena ya mtu wa chini. Kaz akapumzike. "Nitamwambia baada ya picha. Leo nataka atabasamu."

Nikamnong'oneza kwamba bila mtu wa chini mimi sigusi waya. Prindle yeye hakuwa amenong'ona. Amezoea kelele za dizeli.

Chini, Kaz aliacha kufuta kioo. Hakutazama juu. Akaenda kwenye swichi za chini – zikishikwa hizo, zetu za huku hazina kauli. Akazifunga. Kisha akafungua mkate wake wa soseji.

"Kaz! Tushushe!"

"Napumzika, bosi. Si ndivyo bodi ilivyotaka?"

Nilijaribu vishikio vyangu. Vimekufa. Sikujaribu sana.

Prindle sasa anaahidi. Kwanza watalifikiria upya. Halafu lilikuwa wazo tu. Halafu hata wazo halikuwa lake. Kaz anatafuna. Uso wake sijawahi kuuona hivi – si hasira. Kama mtu aliyesahau njia ya kwenda kwake.

Mwandishi kafika! Binti, na kamera yake. Anauliza mbona kimya, lori limezimwa?

"Ndio uzuri wake, mwanangu," Kaz anamwambia, anamsogeza karibu.  "Hebu sikiliza. Bosi! Mrudie huyu ile habari ya mtu wa chini."

Prindle ananitazama mimi. Namwambia aongee tu, hapa hakuna haja ya kupaza sauti –