Pole kwa Lugha Yao

Jumapili, 12 Januari

Hita imekufa tena. Soksi juu ya soksi, blanketi mabegani, vitabu kitanda kizima. Kesho mtihani wa marudio wa famakolojia, somo la dawa. Nikianguka tena, basi — begi mkononi, nyumbani. Hakuna marudio ya marudio.

Mama amepiga. Ati koti langu jeupe la kazi amekwisha kulishona, bado vifungo tu. Nikamwambia subiri kwanza nifaulu. Akasema koti halimzuii mtu kufaulu. Na majirani nao wameanza kumletea vidonge vyao avipige picha, niseme ni vya nini. Mfamasia wa mtaa mzima, na mtihani sijaupita!

Jumatatu, 13 Januari

Sijavua hata viatu. Naandika hivyo hivyo.

Mtihani ulikuwa mwepesi. Hilo ndilo linaloniuma! Figo, ini, dozi za watoto — kila swali nalijua, nikawa naandika mpaka kidole kinawaka. Kipini alikuwa dawati la kulia. Ndiye ninayegawana naye meza ya maabara. Jina lake linaushinda ulimi wangu, kwa hiyo kimoyomoyo namwita hivyo, kwa kile kipini cha puani. Naye anarudia kama mimi. Mara nikaona kikaratasi kinamponyoka kwenye mkono wa sweta, kikatua sakafuni, katikati yetu. Kabla hajakiokota, kiatu cha msimamizi kikawa juu yake.

Kipini alibadilika rangi. Kalamu ikamwanguka. Na mimi, kwa mdomo wangu huu usio na breki, nikamwambia pole. Kwa lugha yao, ya nchi hii. Yaani lile neno ambalo mwalimu wa lugha alituambia ndilo pole yao.

Silo! Msimamizi akanigeukia: unaomba msamaha wa nini? Nikababaika. Akachukua karatasi ya Kipini, akachukua na yangu. Kipini akainamisha kichwa.

Jumanne, 14 Januari

Nimeitwa kwa mshauri wa wanafunzi. Ana sauti ya chini, chai mezani, hakunikaribisha. Neno hilo ulilisema, hukulisema? Nililisema. Kwa nini, kama hukufanya kitu? Nikamweleza: kwetu mtu akijikwaa unampa pole, na si wewe uliyeliweka jiwe. Akikohoa, pole. Akirudi kazini amechoka, pole. Akafikiri sana, kisha akaandika huku anasoma kwa sauti — mwanafunzi anasema huomba msamaha hata kwa kikohozi cha wengine. Nilitaka kucheka. Kilichotoka hakikuwa kicheko.

Akauliza kama niliona kikaratasi kilikotoka. Nikasema sikuona. Mjinga mie! Nilikumbuka kalamu ilivyomwanguka Kipini, nikashindwa kumchoma mwenzangu.

Kamati inakaa Ijumaa. Mmoja wetu atafukuzwa, au wote wawili.

Jumatano, 15 Januari

Mama kapiga, sikupokea. Kapiga tena. Mtihani ulikuwaje? Mzuri, mama. Mbona sauti hiyo? Mafua tu.

"Pole, mwanangu."

Nikaifunika simu kwa mto nikalia. Mtu kaniambia pole na hajanikosea chochote! Nilipoichukua tena alikuwa bado anaongea — vifungo amevipata, vikubwa, vyeupe, vimebaki kushonwa. Nikasema asante mama. Sijamwambia.

Alhamisi, 16 Januari

Nimekutana na Kipini kwenye ngazi za maktaba. Akageuza njia. Hata salamu hakuna.

Ijumaa, 17 Januari

Benchi, nje ya chumba cha kamati. Kipini ameingia kwanza. Naandika ili mikono iwe na shughuli.

Nimeamua. Nitasema kweli: kikaratasi kilitoka kwenye mkono wa sweta yake. Sentensi moja. Nimeikariri tangu asubuhi, naisema kwa lugha yao bila kosa hata moja. Naona haya, lakini nitaisema. Labda hata haitahitajika. Muhula uliopita nilipojikata na chupa ya maabara, ni yeye aliyenifunga kidole, na siku nzima akawa ananiuliza kama kinauma. Mtu wa namna hiyo hawezi kunitupa. Atakuwa ameshasema mwenyewe.

Sauti yake naisikia. Maneno siyasikii.

Ametoka. Uso umelowa. Alinipita, akafika mwisho wa ukumbi, akarudi. Akanishika bega, akasema neno lile. Lile lile! Na mimi kwa mazoea nikamjibu asante, kama niliyepewa pole ya safari. Nikatabasamu hata! Akanikodolea macho, akaondoka karibu anakimbia.

Roho ilinitulia kidogo. Nikajisemea, masikini, ananihurumia kwa kukaa hapa nikisubiri. Viatu vyake vilikuwa bado vinasikika kwenye ngazi ndipo nikakumbuka.

Kwao hawapeani pole. Neno hilo hulisema aliyekukosea.

Mlango umefunguliwa. Msimamizi anataja jina langu, analikosea, anataja tena. Ile sentensi yangu — ngoja — ilikuwa inaanzaje?