Kaya Ishirini za Jengo la Kijani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na mama mkwe wako ameacha kukununia kwa sababu ya wale kuku. Mimi mwili haujambo, namshukuru Mungu. Moyo ndio una maneno, na maneno yenyewe hayafai simu. Kaa chini kwanza, kisha usome polepole.

Nilikwambia kwamba nimepata kazi ya mkataba manispaa. Wanataka kufufua katikati ya mji, na mimi napita mlango kwa mlango na fomu, kuwauliza wakazi wanataka nini. Dada, watu wana midomo! Muuza magazeti aliniambia mji ulikufa siku ofisi zilipohamia nje ya mji, na kwamba maiti haifufuki kwa kupakwa rangi. Katibu wa wakili mmoja aliomba miti ya kivuli na mabenchi, maana wateja wao wanasubiri wamesimama kama milingoti. Kinyozi alisema wakiweka chemchemi kabla ya choo cha umma, basi chemchemi hiyohiyo itakuwa choo, wasije wakamlaumu mtu. Yote niliandika, hadi hilo la choo.

Shida ilianza na jengo la kijani, lile anamokaa mama mdogo na cherehani yake. Sharti la manispaa ni kwamba jengo lenye kaya ishirini au zaidi litakarabatiwa wakazi wakiwa ndani. Likipungua hapo linavunjwa, pawe maegesho ya magari. Sasa mle ndani kuna nani? Mama mdogo pale chini, yule kinyozi, na mzee mpiga chapa asiyesikia vizuri. Kaya tatu. Ghorofa za juu zimefungwa tangu mabomba yakauke, na ngazi zimejaa mavi ya popo. Mama mdogo alinipa chai, akaniambia akitolewa pale hatashona tena mahali pengine, maana wateja wake wote wanalijua dirisha lake, na miaka yake sitini na sita si ya kuanza upya. Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu.

Basi nikafanya wanachofanya wengi katika kazi hii wakichoka jua. Sisi tunaita kujaza mezani. Nilikaa chumbani kwangu Jumapili mchana, nikatunga kaya kumi na saba, umri, kazi, maoni, kila kitu. Niliandika muuguzi mstaafu anayetembelea gongo. Niliandika mwalimu wa hesabu asiyependa kelele. Niliandika mjane aliyesema, taa mnamwekea nani barabarani ikiwa sisi hamtuoni? Nilijipongeza kweli kwa sentensi hiyo.

Wiki iliyofuata msimamizi wetu, ambaye tumemwita Bwana Muhuri kwa jinsi anavyopenda kugonga mihuri, akatangaza kwamba anakwenda mwenyewe kuhakiki. Akarudi saa saba mchana, mtulivu, na fomu zote kumi na saba zimetiwa saini. Alinisifu kwa kazi safi. Nilicheka moyoni, nikajisemea kumbe na bosi naye kajaza mezani! Nilikula vizuri siku hiyo.

Kisha ukaja mkutano wa wakazi, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa sinema ya zamani. Mhandisi alikuwa anaeleza njia za waenda kwa miguu, ndipo nikasikia gongo likija taratibu kutoka mlangoni. Waliingia kwa mstari, wakakaa safu ya nyuma. Niliwahesabu, kumi na sita. Mwanamke mmoja mwenye kitenge cheusi akasimama akauliza, taa mnamwekea nani barabarani ikiwa sisi hamtuoni? Ukumbi mzima ukampigia makofi. Mhandisi akamuuliza ana watoto wangapi, wanasoma wapi. Yule mama akabaki amefungua mdomo, hasemi, hafumbi, muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa. Fomu yetu haina swali la watoto, dada. Walijibu yale tu niliyowaandikia, na zaidi ya hapo hawakuwa na kitu. Nikakaa sakafuni, watu wakadhani ni njaa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mdogo. Nilimkuta amefurahi, anapiga cherehani. Alisema afadhali sasa ana majirani, watu wa heshima, hawana kelele. Kitu kimoja tu kinamshangaza, kwamba hawapiki na hawachoti maji. Nikamwambia mkutanoni wamekuja kumi na sita, na mimi nawajua, wako kumi na saba. Akanijibu kwamba wa kumi na saba hatoki, amesema anamngoja mkewe.

Dada, hapa ndipo nataka unisamehe, na kama huwezi, basi unielewe. Fomu ya mwisho niliijaza nimechoka, watu wa kutunga wameniishia. Nikamwandika niliyekuwa namjua. Fundi redio, miaka arobaini na moja, penseli sikioni, anaimba kwa pua akifanya kazi. Ndiyo. Mumeo. Miaka mitatu yuko chini ya udongo, na mimi nikampa chumba ghorofa ya nne. Mama mdogo ndiye aliyekushika mkono siku ya mazishi, lakini alinitajia habari zake kama mtu anayetaja kwamba maji yamerudi. Alisema shemeji yangu amehamia juu, mlango wa mwisho, amefagia vizuri na ameweka viti viwili.

Viwili, kwa sababu penye idadi ya wakazi niliandika wawili. Nilikuandika na wewe. Niliona haya kumwacha peke yake, hata kwenye karatasi. Na penye tarehe ya mwenzake kuhamia niliweka Ijumaa hii, niliichagua bila kufikiri.

Kesho asubuhi naenda kumwambia Bwana Muhuri ukweli wote. Jengo litavunjwa, mama mdogo atakuja kulala kwangu na cherehani yake, na huenda hatanisemesha tena. Nimekubali. Ila sijui kama kufuta fomu kunafuta kilichokwisha kuitikia. Kwa hiyo Ijumaa usipande gari, nakuomba kwa jina la mama aliyetuzaa. Ukijikuta umefunga begi, lifungue. Mwambie mama mkwe wako afunge mlango na ufunguo akae nao yeye, hata ukimlilia, hata ukimwambia umesikia wimbo.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na majirani wanaoniulizia. Mama mdogo anakusalimu sana. Anasema yupo na mwingine anayekusalimu. Salamu hizo mimi sikuzipokea, na wewe tafadhali usizipokee.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba